Pamba ya Mama Fifi

Kwetu pamba ina majina mawili tu mbele ya mizani. Ikiwa nyeupe na kavu, haina majani wala uchafu, inaitwa safi. Ikiwa imegeuka manjano, imelowa, imekaliwa na wadudu au imeangukia chini ikaokotwa na udongo, inaitwa fifi. La katikati hakuna. Mkulima anaanza na mvua za kwanza, anapalilia mara tatu, anapiga dawa kwa bomba la mgongoni mpaka kifua kinamkwaruza, anaokota kwa vidole mpaka vinachanika, kisha anasimama mbele ya mtu mmoja mwenye kalamu ili aambiwe neno moja kati ya hayo mawili. Neno hilo ndilo mwaka wake mzima.

Mimi neno la pili nililipata kama jina. Mama yangu alilipata kabla yangu, siku moja ya soko, mbele za watu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani naandika haya kwa moyo mweupe. Karani aliyempa mama jina hilo nilimchukia miaka ishirini na zaidi, na sikumchukia kwa vipindi, kama watu wanaokumbuka ubaya wakiwa na njaa na kuusahau wakishiba. Nilimchukia nikiwa na njaa na nikiwa nimeshiba.

Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa amekwenda machimboni Geita kutafuta dhahabu. Alirudi mara ya kwanza na redio, mara ya pili na kikohozi, na baada ya hapo hakurudi tena. Mama akabaki na ekari mbili na nusu za udongo mweusi, ng'ambo ya Segese, mahali ambapo mvua ikinyesha jembe linanasa na jua likiwaka ardhi inapasuka. Alilima pamba kwa sababu kila mtu alilima pamba. Na kila mtu alilima pamba kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho malori yalikuja kukifuata mpaka mlangoni.

Nimefikiri sana juu ya zao hili na sijapata kuliheshimu. Mahindi yakikosa soko utasaga ule. Mpunga ukikosa soko utakoboa ule. Pamba ikikosa soko utafanya nini, utaitafuna? Sisi watu wa huku tuko mbali na bahari, na karibu na mji wetu, pale Isaka, kuna kitu wanakiita bandari, bandari isiyo na tone la maji, yenye makontena na malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Pamba yetu ikitoka hapa inaanza safari ya mikono: karani, chama, kiwanda, dalali, meli, na watu wengine tusiowajua hata kwa sura. Kila mkono unachukua chake. Bei inatangazwa redioni na mtu ambaye hajawahi kuchanwa na kikonyo cha pamba. Sisi tunaisikiliza kama watu wanaosomewa hukumu.

Msimu ule pamba ya mama ilikuwa imejaa chumba tulicholala, kutoka sakafuni mpaka karibu na paa. Tulibakiza nafasi ya mkeka. Siku ya kupima ilipofika tulikwenda ghalani alfajiri, tukakuta mlango umefungwa na kipande cha boksi kimetundikwa: HAKUNA FEDHA. Wanunuzi walikuwa hawajaleta. Tukarudi na mafurushi yetu. Tulikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nane ghala lilifunguliwa, na foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mti wa ukwaju.

Karani wa mizani alikuwa mwanamume mrefu, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na kijiti cha kiberiti mdomoni ambacho alikihamisha kutoka shavu moja kwenda jingine kila alipotaka kusema jambo la kuudhi. Aliogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Watu wazima walimpa shikamoo ingawa hakuwazidi umri, na aliziitikia bila haya.

Furushi la kwanza la mama lilipofika, hakugusa juu. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota kutoka tumboni mwa furushi, akanusa, akatupa chini.

"Hii fifi," alisema.

Mama alipiga goti. "Karani, iangalie tena, baba yangu."

Akahamisha kijiti chake. "Nimeiangalia. Fifi juu, fifi chini, na mwenyewe Mama Fifi."

Watu walicheka. Nataka hili lieleweke vizuri: hawakucheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Walicheka kwa sababu mafurushi yao yalikuwa nyuma yetu kwenye foleni, na mkono ule ulikuwa bado haujaingia kwenye ya kwao. Nililielewa hilo nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Kisha akatundika furushi letu kwenye mizani ya ndoano, akalikingia goti kwa chini kama anayelizuia lisiyumbe, akasoma uzito. Goti lile lilikuwa maarufu. Kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema.

Pesa iliyotoka pale haikutosha sare wala godoro la bweni, na mimi mwisho wa mwaka nilifaulu kwenda sekondari. Sikwenda. Nilipeleka maji nyumba ya mwalimu mkuu mwaka mzima, nikiwaona wenzangu wanarudi likizo na soksi nyeupe.

Lakini shule niliizoea kuikosa. Jina sikulizoea. Kwa desturi mama alikuwa akiitwa kwa jina langu mimi, mzaliwa wake wa kwanza, na jina langu ni la mtakatifu ambalo nusu ya wasichana wa parokia wanalo. Kwenye jumuiya yetu ndogo tu kulikuwa na akina mama watatu wanaoitwa kwa jina hilo hilo. Ilibidi watofautishwe: wa kisimani, wa shuleni, na mama. Sasa karani alikuwa amerahisisha kazi. Wiki ile ile walimwita Mama Fifi kisimani. Mwezi haujaisha nikasikia katika jumuiya, katibu akisoma michango ya mavuno kwa sauti ya utakatifu: "Mama Fifi, kuku mmoja." Shuleni nilikuwa tayari Fifi. Hata mwalimu mmoja aliniita hivyo, akasahau kwamba lilikuwa tusi.

Na mama aliitika. Hilo ndilo lililoniua. Mara ya kwanza alisitasita, mara ya pili akageuka, mara ya tatu akasema "Abee" kama vile alizaliwa nalo. Nilimwuliza kwa nini hakatai. Alikuwa anamenya viazi vya michembe, vile tunavyovipasua na kuvianika juani vikauke.

"Jina halivunji mfupa," alisema.

"Lako limevunja wangu," nilimjibu, naye akaendelea kumenya.

Nilipofika miaka kumi na minane nilikwenda Geita. Nilianza kwa kukaanga chapati karibu na mashimo ya wachimbaji wadogo, watu weupe kwa vumbi la mawe kuanzia nywele mpaka kope, wanaokula kwa haraka na kulipa kwa haraka siku wakipata, na wasipopata wanakuapia kwa mama zao. Baadaye nikapata kazi kwa mnunuzi wa dhahabu, mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mpole, mwenye duka dogo la chuma na mizani iliyowekwa ndani ya kisanduku cha kioo. Alinifundisha kupima. Alinionyesha jinsi feni ikielekezwa vibaya inavyoweza kunyanyua sahani, jinsi pumzi ya mtu inavyoweza kula dhahabu, jinsi kidole kinavyodanganya, jinsi jicho linavyosoma linachotaka.

"Mizani haina dini wala kabila," aliniambia. "Mwizi ni mtu anayesimama pembeni yake."

Nilijifunza kila hila. Sikujifunza ili nizitumie. Nilizijifunza kama askari anavyojifunza njia za panya. Kila nilipojifunza moja nilimwona yule karani na goti lake, na nilijiambia, siku moja. Wenzangu kanisani waliomba subira. Mimi niliomba Mungu ampe karani yule maisha marefu, afya njema na meno yote, asije akafa kabla sijarudi. Nilikuwa nawasha mshumaa kabisa. Padre mmoja aliyeniona nimepiga magoti kwa muda mrefu alinisifu kwa bidii yangu, nikamshukuru.

Habari za karani zilinifikia kupitia watu wa kwetu waliokuja kuuza mchele wa Kagongwa. Mwaka mmoja waliniambia amenenepa. Nilifurahi, maana aliye juu mngoje chini, na mtu mnene huanguka kwa kishindo. Mwaka mwingine waliniambia ameondolewa kwenye mizani baada ya wakulima kuchoka, chama kile kimevunjwa, na yeye sasa analima pamba kama mtu mwingine yeyote, upande wa pili wa mto. Niliumia. Niliona kama watu wameniibia mnyama niliyekuwa namwinda mimi.

Nikarudi nyumbani. Watu walidhani nimerudi kwa ajili ya mama, aliyekuwa ameanza kulalamika magoti, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Nililima ekari nne. Baada ya msimu mmoja chama kipya cha wakulima kilihitaji karani, na mkutanoni mtu akauliza nani hapa anajua mizani. Nilinyoosha mkono. Kulikuwa na kicheko kidogo nyuma, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mama Fifi kazaa karani!" Hakuwa na nia mbaya. Nilimkumbuka hata hivyo.

Misimu mitatu nilipima kwa haki. Mizani sasa ni ya namba, inasoma yenyewe, goti halifui dafu kama zamani, lakini wizi una njia nyingi: unaweza kuandika pungufu, unaweza kuita safi fifi, unaweza kuita fifi safi kwa shemeji yako. Sikufanya hata moja. Mkulima akija namwonyesha namba kabla sijaandika. Pamba ikiwa chafu namwambia akae pembeni kwenye turubai aichambue, sehemu safi tutaiandika safi. Sifa zilisambaa mpaka vijiji vya mbali. Wazee walinibariki, mwenyekiti alinitaja kwenye kikao cha kata. Walisema, binti huyu ana hofu ya Mungu.

Hofu ya Mungu haikuhusika. Uaminifu wangu ulikuwa chambo. Karani wa zamani aliuza pamba yake kituo kingine, na mimi nilijua kwamba mtu aliyeiba kwenye mizani maisha yake yote ndiye anayeogopa mizani kuliko wote. Angeenda wapi, kama si kwenye mizani isiyoiba? Nilichofanya ni kuwa mizani hiyo, na kungoja. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Msimu wa tatu alikuja.

Ulikuwa mwezi wa sita, upepo umekauka, vumbi linakwenda na pamba zilizodondoka zinaviringika barabarani kama vifaranga. Alifika na gari la ng'ombe lenye mafurushi manne. Nilimtambua kabla hajashuka. Alikuwa amepungua, unene wote umekwenda, kofia ya pama imemkalia mpaka masikioni, na kijiti cha kiberiti kilikuwa bado mdomoni. Alipanga foleni kama watu wote. Zamu yake ilipofika alisimama mbele yangu akangoja shikamoo.

Ningependa kusema sikumpa. Lakini mama alikuwa pale, hatua kumi tu kutoka mizani, anawauzia watu wa foleni uji na michembe iliyochemshwa, na alikuwa ananitazama. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba kwa urahisi ule ule wa zamani, na damu yangu ikapanda.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno haya miaka yote. Niliyasema nikikanda unga Geita, niliyasema nikioga. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko, kama alivyofanya yeye. Ndani ya furushi palikuwa pakavu. Nilichota kutoka tumboni. Ilikuwa nyeupe, ndefu, laini, pamba nzuri kuliko zote nilizoshika wiki ile. Nikanusa. Nikaitupa chini.

"Hii fifi," nilisema.

Watu walikuwa wameiona ile pamba ikianguka, na wote wanajua rangi ya pamba. Kijiti kikamdondoka mdomoni.

"Karani," alisema, "iangalie tena, mama yangu."

"Nimeiangalia kama ulivyokuwa unaangalia wewe."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatafuta. Niliona macho yake yakipita juu yangu na kurudi, yakipita na kurudi, na nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata mara moja katika miaka yote ile: hanijui. Hakukumbuka chochote. Mimi nilikuwa nimemlisha, nimemnywesha na kumlaza moyoni mwangu kama mgonjwa, na yeye hakuwa na habari kwamba nipo.

"Ulimtukana mama yangu kwenye ghala la zamani," nilimwambia. "Mbele za watu. Akiwa amepiga goti."

"Mama yako yupi?"

Nilimwonyesha. Akageuka, akamwona mama na sufuria lake, na uso wake ukachanua. Nitaapa mbele ya yeyote kwamba ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Aa! Mama Fifi!" alisema, kisha akamsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima ya kumwita mama: "Mwadila, mayu! Bado upo?"

"Mwadila," mama aliitika, akafuta mikono kwenye kanga. "Tupo. Za ng'ambo?"

"Nzuri kabisa."

Ndivyo walivyosalimiana, kama watu wa kawaida, juu ya miaka yangu. Nilitaka kumpiga yule karani kwa daftari. Nilimwambia asijifanye, kwamba jina hilo ni tusi, kwamba pamba ya mama msimu ule ilikuwa safi kama hii yake na yeye akaiita fifi ili chama kipate kwa bei ya kutupa, na sasa aonje, maana mkuki kwa nguruwe mtamu. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Watu wa mwisho wa foleni walisogea mbele ili wasikie vizuri.

Mama aliweka upawa chini. Alikuja mpaka kwenye mizani, akichechemea, akainama akaokota ile pamba niliyoitupa, akaipuliza vumbi.

"Mpimie," alisema. "Yake hii safi. Yangu ile haikuwa safi."

"Mama, nyamaza."

"Ilikuwa na minzi," alisema. Maji. Alisema kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Maji nilitia mimi. Ndoo mbili. Mizani yake ilikuwa inaiba, wote mnajua, watu wote walikuwa wanatia maji au mchanga ili kurudisha kilichoibwa. Na mimi nikatia. Nilitia jioni nikijua asubuhi napima. Asubuhi tukakuta ghala limefungwa, hakuna fedha. Siku nane. Pamba ikapata moto ndani, ikageuka njano. Nilijua kabla hajatia mkono."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya watu wazima kwenye ile foleni walikuwa wanatazama miguu yao. Na mimi nilikumbuka siku zile nane, jinsi nilivyolala nikiwa na joto mgongoni upande wa furushi, nikashukuru kwamba msimu ule wa baridi sikuhitaji blanketi.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimwuliza kwa sauti ya chini, lakini hapakuwa na chini pale, watu wote walisikia.

"Ulikuwa na hasira," alisema mama. "Nikaona hasira ile inakunyanyua, inakupeleka. Ningekuambia, ungebaki hapa unachota maji ya mwalimu. Nikaiacha."

Kisha akarudi kwenye sufuria lake, maana kulikuwa na mtu anangoja uji.

Naandika haya na bado najiuliza ningepaswa kuhisi nini. Mtu mwema angeona aibu. Mimi nilihisi kwamba nimenyang'anywa. Kwa dakika moja nzima nilimchukia mama yangu, kwa ndoo zake mbili na kwa ukimya wake wa kunilea kama moto wa makaa. Kisha ile hasira, iliyozoea njia yake, ikageuka na kurudi kwa mwenyewe, karani wa zamani. Maji aliyatia mama. Goti je? Na jina? Pamba ikiwa fifi, andika fifi, ndiyo kazi yako. Nani alikutuma umbandike mtu jina hilo?

Karani wa zamani alikuwa anatabasamu kwa wasiwasi. Alidhani yamekwisha.

"Pamba yako nitaiandika safi," nilimwambia, "kwa sababu ni safi, na watu hawa wameiona. Lakini haipandi kwenye mizani hii mpaka umwite mama yangu jina lake."

"Nimemwita."

"Jina lake."

Akakuna shingo. "Jina lake lipi?"

Hakuwa anajifanya. Hakulijua. Akageukia foleni kuomba msaada, na nikaona vijana wanatazamana, hawalijui. Mwenyekiti wa chama, mtu wa miaka arobaini, aliyekunywa uji wa mama kila msimu, hakulijua. Nilisimama pale nikiwa na kalamu mkononi na nikawangoja wote. Sikuwasaidia. Jina lilikuwa langu mwenyewe, limeandikwa juu ya daftari wanalotia dole gumba kila siku, na bado sikuwasaidia. Niliwaacha waone wenyewe wamefanya nini. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya furushi lake, akiwa amesahaulika hapo nyuma, akasema, "Si Mama wa huyu huyu karani?" Akalitaja.

Yule karani mzee akavua kofia. Sitamnyima hilo. Akageuka kuelekea kwenye sufuria, akamwita mama kwa jina langu, kwa sauti ya heshima, kama alivyopaswa kumwita miaka ile yote. Foleni nzima ilisikia. Nilikuwa nimeipata siku yangu. Kila kitu nilichokiombea kwa mishumaa kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na mashahidi.

Mama alikuwa anamwaga uji kwenye kikombe. Hakugeuka.

Mzee akaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemwita kiziwi.

Safari hii mama alisikia. Aliinua uso, akatazama kulia, akatazama nyuma yake, ambako mwanamke mmoja kijana alikuwa anafunga mtoto mgongoni. Akamgusa bega taratibu.

"Mayu," alimwambia, "unaitwa."